Kutwa, bweni au kwa bibi: mtoto akasome wapi Arusha na Moshi

Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Januari, ukikaa saluni ya Kijenge au kwenye kikao cha kikoba kule Majengo, mazungumzo ni yale yale. Fulani kampeleka wa kwake bweni Rombo. Fulani anamtoa mtoto shule ya serikali, anamhamishia inglishi midiamu yenye gari. Mwingine kasikia kuna shule huko Usa River "inafaulisha" na fomu zinakaribia kuisha. Simu zinazunguka na picha za matokeo ya NECTA. Matokeo yana kazi yake, siyadharau. Ila hayakwambii mtoto atamlilia nani.

Kipimo nilichotumia hapa ni kingine. Mzazi wa kawaida huku kwetu ana njia nne: shule ya jirani ya kwenda kwa miguu, shule ya mbali yenye gari, bweni, na kumpeleka mtoto akaishi kwa bibi au shangazi. Zote nimezipima kwa swali moja. Mtoto akipatwa na jambo saa nane mchana, ni mtu mzima gani atakayeligundua kabla mtoto hajalala, na mtu huyo ana nafasi naye kiasi gani? Moyo wa mtoto huumizwa na mambo madogo ya namna hiyo: kuchekwa ubaoni, kunyang'anywa peni, kuchapwa kwa kosa la mwenzake, rafiki kumkimbia. Likigunduliwa siku ile ile hupoa. Likilala naye wiki tatu hugeuka tabia.

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, mingine nikiwa mwalimu wa malezi, kwa hiyo nina upande wangu na sitauficha. Hadi darasa la saba mimi ni mtu wa kutwa, tena kutwa ya karibu. Kuanzia kidato cha kwanza mizani inabadilika, na zipo nyumba ambazo mtoto yuko salama zaidi bweni kuliko kwao.

Sheria imeshakuamulia kidogo

Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kabla ya hapo Kilimanjaro na Arusha tulizoea kuona mtoto wa miaka mitano akishushwa getini na tranka refu kuliko yeye. Kwa hiyo kama mwanao yuko darasa la pili na mtu anakuambia "tunampokea, atakaa tu nyumbani kwa mwalimu", jua hilo ni bweni lisilo na jina, lisilokaguliwa na mtu. Usikubali hata kwa bei nzuri.

Siku ya mtoto wa darasa la tano, saa kwa saa

Nimechukua mtoto mmoja wa kufikirika anayeishi Moshono. Saa zinaweza kusogea huku na huku kulingana na shule, ila sura ya siku ni hii:

| | Shule ya jirani | Gari la shule hadi Sakina | Bweni |
|---|---|---|---|
| Kuamka | saa 12:00 asubuhi | saa 10:30 alfajiri | saa 11:00 alfajiri |
| Kumaliza na kurudi | nyumbani saa 9:30 alasiri | nyumbani saa 11:30 jioni | vipindi hadi saa 10:00, kisha prepo hadi saa 3:00 usiku |
| Kulala | saa 3:00 usiku | saa 3:30 usiku | saa 3:30 usiku |
| Usingizi | saa 9 | saa 7 | saa 7 na nusu |
| Mtu mzima wa jioni | mzazi, dada wa kazi, jirani | mzazi, katikati ya homuweki na chakula | matroni mmoja na watoto wengi |

Angalia mstari wa usingizi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mtoto wa shule ya jirani ameigusa tu ile ya chini. Wa gari anadaiwa saa mbili kila usiku, na kufika Ijumaa deni ni saa kumi. Mtoto mwenye deni hilo huwezi kujua kama ana huzuni, ana kiburi au ana usingizi, maana vyote vina sura moja: machozi ya karibu, hasira kwa mdogo wake, kusahau daftari, kujibu kwa mkato. Nimekutana na wazazi wengi waliokuja kulalamikia tabia, na tulipohesabu saa pamoja tukakuta tatizo ni kitanda.

Shule ya jirani

Nianze na ubaya wake, kwa kuwa wazazi wengi wanaikimbia. Madarasa yamejaa. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wameongezeka kuliko walimu, na darasa la watoto zaidi ya 80 halimshangazi mtu Muriet wala Pasua. Mwalimu wa darasa kama hilo hawezi kujua kwamba mtoto wa benchi la nne hajacheka tangu Jumatatu. Hana macho hayo, hata akiwa na moyo. Fimbo nayo ipo, na mara nyingi inazidi kanuni. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Muulize mtoto yeyote kama amewahi kukiona hicho kitabu.

Sasa uzuri wake. Shule isipomwona mtoto, mtaa unamwona. Anarudi na kundi la wenzake wanaokaa uchochoro mmoja, wakigombana njiani mama wa mmoja anasikia, na kabla ya magharibi habari imeshakufikia hata kama mwanao hajasema. Rafiki wa shuleni ndiye rafiki wa Jumamosi. Ugomvi wa Jumanne unasuluhishwa Jumanne kwenye mpira wa makaratasi. Watu wa bweni wanasema mtoto wa mtaani "anaharibika na makundi", na wakati mwingine ni kweli, lakini kundi unalolijua kwa majina ya mama zao ni tofauti na kundi usilolijua kabisa.

Halafu kuna jioni. Mtoto ukimuuliza "shule ilikuwaje?" atakujibu "nzuri", na mazungumzo yameishia hapo. Mpe mkungu wa ndizi mmenye pamoja, wewe kisu chako, yeye chake, kila mtu anatazama ndizi yake. Kufika ndizi ya sita au ya saba ataanza kusimulia kwamba Fulani amekataa kukaa naye dawati moja kwa kuwa sweta lake limetoboka. Hapo usiache kumenya. Ukiacha, ukimgeukia na kumkazia macho, anafunga mdomo. Uliza tu, "Ehe, ukamwambiaje?" Nafasi kama hiyo hutokea kwa mtu aliye nyumbani saa kumi na moja jioni, na huwezi kuipangia ratiba ya siku ya wazazi.

Kwa hiyo shule ya jirani inashindwa darasani na inashinda jioni. Kama jioni yenyewe haina mtu, faida kubwa imeondoka, na nitarudi kwenye hilo nikifika kwa wazazi wa utalii.

Gari la shule

Wengi huona hii ndiyo njia ya kati: mtoto anapata shule nzuri na analala kwao. Kwenye karatasi ni kweli. Tatizo ni kwamba shule huchaguliwa kwa matokeo, ruti hujulikana siku ya kwanza, na mtoto anaishi kwenye ruti.

Kabla ya kulipa, uliza gari linaanzia wapi na mwanao ni wa ngapi kuchukuliwa. Anayepandishwa wa kwanza asubuhi na kushushwa wa mwisho jioni anaweza kukaa ndani ya Coaster saa tatu kwa siku. Uliza ni mtu mzima gani anakaa nyuma, siyo mbele na dereva. Uonevu wa watoto wa shule zenye magari haufanyiki sana darasani, huko kuna mwalimu na kamera. Unafanyika kwenye kiti cha nyuma, ambako mtoto wa darasa la saba anamlazimisha wa la tatu kutoa vitafunio vyake au kurudia matusi mbele ya wenzake. Mwalimu wa darasa hajui. Mzazi hajui. Matroni wa gari yuko kwenye simu.

Na mvua. Aprili 2024 gari la shule lilizolewa na mafuriko hapa Arusha na watoto wakapoteza maisha. Baada ya hapo niliona watoto wasiokuwemo hata kwenye shule hiyo wakigoma kupanda gari mawingu yakitanda. Mtoto anayeogopa kitu kilichotokea kweli haambiwi "acha uoga". Anaelezwa dereva ameagizwa nini maji yakijaa barabarani, na mzazi anathibitisha kwamba kweli ameagizwa. Kama shule haina jibu la swali hilo, hofu ya mtoto ina msingi kuliko brosha yao.

Ruti fupi, isiyozidi nusu saa, ninaikubali bila kinyongo. Kutoka Njiro kwenda shule ya Njiro kwa gari ni sawa na shule ya jirani tu. Kutoka Ngaramtoni kwenda Usa River kila siku ni bweni la magurudumu.

Bweni

Hapa nitakaa kidogo, maana Kilimanjaro ndiyo nyumbani kwa bweni. Wazazi wetu wengi walisoma hivyo, Weruweru, Umbwe, Lyamungo, na wakitazama nyuma wanasema "lilinijenga". Wengi wao wanasahau jambo moja: waliingia wakiwa vijana wa kidato, wameshaota ndevu au wako karibu. Kulitumia bweni la sekondari kumtetea mtoto wa miaka kumi anayepelekwa bweni la msingi ni kuchanganya vitu viwili.

Mtoto wa darasa la tano hadi la saba bado anamhitaji mtu wa kumwambia kwamba suruali imembana, kwamba jino linauma, kwamba ameota vibaya. Bweni linaye matroni. Matroni mzuri ni lulu, nimewaona wanaojua majina ya watoto sitini na nani kati yao hali maharage. Lakini ni mtu mmoja, naye hulala. Pengo la usiku linajazwa na viranja, yaani watoto wengine. Bweni la msingi mara nyingi linaendeshwa na watoto wa miaka kumi na tatu wakiwalea wa miaka kumi, na namna wanavyolea ni ile waliyolelewa nayo wao: kufuliwa nguo, kuchotewa maji, kumpigisha magoti aliyechelewa foleni.

Chukua kukojoa kitandani. Mtoto wa miaka saba, minane, hata kumi kuendelea kukojoa usiku ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokiri, huwa linarithiwa kwenye ukoo, na halina uhusiano na uvivu. Nyumbani ni shuka la kuanika. Bweni ni godoro linalobebwa asubuhi mbele ya watoto arobaini. Mtoto ataacha kunywa maji tangu saa kumi, ataacha kulala, atapanga kila kitu chake kwa ajili ya usiku. Wengine walikuwa wamekauka kabisa, wakaanza upya mwezi wa kwanza wa bweni, na hiyo ni dalili ya wasiwasi. Kama mwanao bado hajakauka, kwangu mjadala wa bweni umeishia hapo.

Siku ya wazazi inatazamika vizuri kutoka nje. Magari yamepanga mstari, mashuka ya Kimasai yametandikwa chini ya miti, hotipoti za pilau na kuku zimefunguliwa. Mtoto anakula haraka kana kwamba atanyang'anywa. Baba anauliza: "Umekuwa wa ngapi?" Mama anauliza: "Wanakupa chakula?" Anajibu yote. Inapokaribia saa kumi anaanza kuumwa tumbo, na familia inacheka kidogo, "huyu naye na deko lake". Mtoto hadeki. Alikuwa na neno tangu saa tano asubuhi, akasubiri wenzake waondoke, shangazi aache kupiga picha, baba amalize simu, na muda umekwisha. Ukienda siku ya wazazi, nenda na watu wachache. Mtenge mtoto saa nzima, mtembee mbali na hotipoti, na swali la wa ngapi mwachie mwalimu.

Simu nayo. Shule nyingi huruhusu mtoto kupiga mara moja kwa wiki au mbili, kwa simu ya matroni, akiwa amesimama pembeni yake. Mtoto gani atasema anaonewa na kiranja wa matroni huyo huyo? Pangeni neno lenu kabla hajaondoka, mfano "msalimie paka". Akilisema, kesho yake mzazi anakwenda shuleni, bila maelezo. Mkilitumia likashindwa mara moja, mzazi asitokee, halitatumika tena.

Upande wa pili ni mzito vilevile. Nimemwona binti wa kidato cha pili aliyenawiri bweni kwa sababu nyumbani kulikuwa na mjomba asiyefaa kukaa na watoto. Nimewaona vijana ambao baba zao hunywa kila jioni, na bweni likawa mahali pa kwanza walipolala bila kusikiliza mlango. Yuko msichana wa shule ya kata anayetembea saa moja na nusu asubuhi na jioni kwenye migomba au njia za mkaa, na waendesha bodaboda wanampa lifti ambazo baadaye zinadaiwa. Kwake hosteli ni ulinzi wa mwili na wa akili. Wako wengine wanaopenda tu: wana marafiki, michezo, kwaya, uhuru wa kupanga sanduku lao. Mtoto wa miaka kumi na nne anayeomba mwenyewe kwenda bweni, ukamuuliza kwa nini akakupa sababu tatu zenye kichwa na miguu, msikilize. Anayeomba ghafla, bila sababu, katikati ya mwaka, naye msikilize, ila kwa sikio lingine. Huenda anakimbia kitu nyumbani.

Jambo la usalama halitenganishwi na la moyo. Mwaka 1994 bweni la wasichana liliungua Shauritanga, Rombo, na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Ukikagua bweni, ingia ndani ya chumba, usiishie ofisini kwenye makochi. Tazama kama dirisha lina nondo zisizofunguka, kama mlango hufungwa kwa nje usiku, na nani anashika ufunguo. Shule ikikataa usiingie "kwa ajili ya faragha ya watoto", omba uingie wakati wako darasani. Wakikataa tena, umeshapata jibu.

Umbali nao uhesabu. Arusha na Moshi ni kama kilomita 80. Mtoto wa Arusha aliyeko bweni Moshi unamfikia siku ile ile neno la siri likitoka. Aliyeko mikoa ya mbali utamfikia keshokutwa, baada ya kuomba ruhusa kazini.

Kwa bibi

Njia hii haina matangazo, lakini ni ya zamani kuliko zote, na naiona inadharauliwa bure. Mtoto anakaa Marangu, Kibosho au huko Nkoaranga, anasoma shule ya kijijini, wazazi wako mjini au Dar.

Kwa kipimo changu bibi ana alama ya juu: yupo. Yupo saa tisa, yupo usiku, hana simu ya kumshughulisha, na anajua habari za ukoo mzima, jambo linalompa mtoto mahali pa kujishikiza. Mtoto anayejua yeye ni wa nani, babu yake alichimba mfereji upi, huvumilia dhihaka nyingi za shuleni.

Tatizo la bibi ni kwamba mara nyingi hapewi mjukuu mmoja. Anapewa watano, kutoka kwa watoto wake watatu, na pesa ya matumizi inakuja kutoka kwa mmoja tu. Hapo mtoto wa anayetuma na mtoto wa asiyetuma wanakula sahani moja wakiwa na hadhi mbili, na watoto hung'amua hilo upesi mno. Bibi pia huchoka. Mtoto akifika miaka kumi na tatu, kumi na nne, maswali ya mwili na ya wasichana na wavulana humshinda, humalizia kwa vitisho au kwa kunyamaza.

Kwa hiyo bibi kwa darasa la kwanza hadi la sita, ndiyo, kama ana nguvu, kama wajukuu hawazidi wawili au watatu, na kama mzazi anapiga simu kwa mtoto mwenyewe. Salamu anazopokea bibi hazimfikii. Desemba Wachagga wote wanarudi nyumbani na mtoto anajaziwa zawadi za mwaka mzima. Afadhali umtembelee mwezi wa pili na wa tano mikono mitupu.

Wazazi wa utalii na wa zamu

Miji yetu ina kundi ambalo ushauri wa "kaa na mwanao jioni" huwa kama kejeli kwao. Mgumu anayebeba mizigo Kilimanjaro anapotea siku sita hadi nane kwa kila safari. Dereva anayeongoza watalii anaondoka na wageni kwenda Serengeti wiki nzima, anarudi usiku, anaosha gari, anaondoka tena. Muuguzi ana zamu. Mchuuzi wa Mbuyuni au Kilombero anafunga biashara giza likishaingia. Mtoto wao yuko kutwa, lakini jioni yake ni ya dada wa kazi wa miaka kumi na tisa na televisheni. Kwa kipimo changu hilo ni bweni lenye matroni mmoja asiyefundishwa na anayelipwa kidogo.

Kwa familia kama hiyo kuna mambo mawili ya kulinganisha, na shule siyo mojawapo bado. La kwanza: je, mzazi mmoja anaweza kuwa mtu wa jioni walau siku tatu za wiki? Kama ndiyo, baki na kutwa. La pili: kama haiwezekani, nani mwingine wa kudumu? Dada anayebadilishwa kila miezi mitatu ni jeraha dogo linalojirudia. Mtoto anajifunza kutomzoea mtu. Heri umwongeze mshahara aliyepo akae miaka mitatu kuliko kulipia ada ya shule ya juu zaidi. Hapa nasimama kidete hata wachumi wa nyumba wakibisha.

Kazi za utalii zina msimu, na msimu unaweza kutumika. Aprili na Mei, mvua zikiwa kubwa na wageni wachache, baba yupo. Hiyo ndiyo miezi ya kwenda kumwona mwalimu wa darasa, kumpeleka mtoto kwa miguu, kukagua madaftari bila ukali. Kuanzia Juni atakuwa porini.

Mzazi mmoja akiwa hayupo kabisa, mtu wa jioni ni mmoja kwa kila kitu. Shule ya jirani na bibi wa karibu ndiyo mchanganyiko ulionishangaza mara nyingi kwa uzuri wake: mtoto anashukia kwa bibi Kiboriloni saa tisa na nusu, mama anampitia saa moja usiku.

Mtoto yuko darasa la ngapi?

Awali hadi la nne: karibu na nyumbani, nukta. Chagua shule ambayo mwalimu anamwita mtoto kwa jina, ufaulu uwe swali la pili.

La tano hadi la saba: kutwa bado, isipokuwa nyumbani pana hatari. Jihadhari na "kambi" ya darasa la mtihani, ambapo watoto wa kutwa hulazwa shuleni miezi kadhaa kabla ya mtihani wa Septemba. Ni bweni lisilo na vitanda vya kutosha, katika mwaka ambao mtoto ana wasiwasi kuliko yote.

Kidato cha kwanza na cha pili ni kipindi cha kuangaliwa kwa makini zaidi. Mtoto wa shule ya serikali anatoka kwenye Kiswahili na kuangukia Kiingereza kwa masomo karibu yote. Aliyekuwa akinyoosha kidole kila dakika anageuka bubu, na walimu wapya, wasiojua alivyokuwa, wanadhani ndivyo alivyo. Mwili nao unabadilika wakati huo huo. Akiingia bweni mwaka huo huo, anabeba mabadiliko matatu kwa pamoja: lugha, mwili na nyumba. Wanaoweza ni wengi, ila kama unaweza kuyatenganisha, anza kutwa, bweni lije kidato cha tatu au cha tano. Aliyechaguliwa Ilboru au shule nyingine ya bweni ya serikali, mpeleke, lakini mihula miwili ya kwanza ihesabu kuwa ya moyo, alama zitafuata.

Dalili, na pa kwenda

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la arobaini hao ni kama watano au sita, na wengi wao hawana jina la kile kinachowasumbua. Wanasema tumbo. Tumbo la Jumapili jioni, kichwa kisicho na homa, kukauka kisha kuanza kukojoa tena, kuuza vitu vyake, kuacha kuoga, kumpiga mdogo wake bila sababu. Dalili moja kwa siku mbili ni utoto. Mbili au tatu kwa wiki mbili ni habari. Kutwa utaziona mwenyewe. Bweni utaziona kwenye likizo ya Juni, kwa hiyo wiki ya kwanza ya likizo usimjazie tuisheni. Mwache alale, mwangalie.

Anzia kwa mwalimu wa malezi au wa ushauri nasihi shuleni. Akikuambia "atazoea" mara ya pili, panda juu: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo, na kama kuna kupigwa au kuguswa vibaya kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ni ya simu ya mtoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe kwa kichwa kabla hajaenda bweni, pamoja na yako. Hospitali za rufaa za mkoa ni Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, na hospitali ya KCMC, pale Moshi, ina kitengo cha afya ya akili. Kumpeleka mtoto huko hakumwandikii ukichaa. Ni kama alivyopelekwa kwa daktari wa macho alipokuwa haoni ubao.

Kuhama katikati

Ukigundua umechagua vibaya, usisubiri mwaka uishe kwa ajili ya ada uliyokwisha kulipa, isipokuwa katika madarasa mawili: la saba baada ya Juni, na kidato cha nne. Hapo mtihani uko karibu mno, na shule mpya itamwongezea mtoto upweke katika miezi ambayo anahitaji sura anazozijua. Badala ya kumhamisha, badilisha jioni: mtoe bweni awe wa kutwa shule ile ile kama uongozi unaruhusu, au hamia wewe karibu kwa miezi mitatu, kwa ndugu, hata kwa kupanga chumba. Anayeonewa au kuguswa vibaya haingii kwenye hesabu hii, huyo anatoka leo. Madarasa mengine yote, nenda kaombe uhamisho Januari au Julai, na mwambie mtoto tarehe mapema, apate kuwaaga wenzake.